Ng'ambo Nayo ni Mji wa Kihistoria

Mgeni anayeshuka boti katika bandari ya Malindi, Unguja, hukuta njia yake imekwisha pangwa. Atapitishwa Forodhani na Ngome Kongwe, ataonyeshwa milango ya nakshi Shangani na Hurumzi, ataingizwa katika kanisa la Mkunazini lililosimama pale palipokuwa na soko la watumwa, atanunua viungo Darajani, kisha atarudi hotelini. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Creek Road, ndiyo inayofunga mji wake, yaani Mji Mkongwe. Upande wa pili wa barabara hiyo ni Ng'ambo: Kikwajuni, Kisiwandui, Mlandege, Miembeni, Mwembetanga, Raha Leo na Michenzani, mitaa ambayo ataiona kupitia kioo cha gari tu, siku ya kwenda Nungwi au Paje. Mgeni hana lawama, kwa maana hivyo ndivyo wenyeji tulivyomzoesha, na hivyo ndivyo tulivyojizoesha wenyewe: upande mmoja ni historia, upande wa pili ni makazi ya watu. Hoja ya makala hii ni kwamba mgawanyo huo hauna msingi katika historia ya mji, kwamba unaugharimu Mji Mkongwe uleule tunaotaka kuulinda, na kwamba sera ya uhifadhi Zanzibar haitafika mbali mpaka iuchukulie mji mkuu huu kuwa mji mmoja.

Tuanze na umri, maana ndio unaotajwa kwanza kila mjadala huu unapozuka. Husemwa kwamba Mji Mkongwe ni wa kale na Ng'ambo ni nyongeza ya juzi. Ni kweli kwamba Ngome Kongwe ilianza kujengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kung'olewa. Lakini sehemu kubwa ya majengo yanayopigwa picha leo ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ilipofika 1840, Seyyid Said bin Sultan alikuwa amekwisha hamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na fedha ya karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa ndiyo iliyosimamisha majumba ya ghorofa kwenye rasi ya Mji Mkongwe. Jumba la Beit al-Ajaib ni la 1883, wakati wa Sultani Barghash. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa baada ya soko la watumwa kufungwa 1873. Soko la Darajani ni la 1904, na Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja ni ya 1925. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya hori la bahari lililoitenga rasi na kisiwa, mitaa ya nyumba za udongo na makuti ilikuwa inaongezeka, kwa kuwa biashara ile ilihitaji wapagazi, mabaharia, mafundi, wachuuzi na wapishi, na watu hao walihitaji pa kulala. Kabla karne ya 19 haijakwisha, Ng'ambo ilikuwa mji mkubwa tayari. Kwa hiyo pande hizi mbili ni za rika moja. Tajiri alipojenga ghorofa Shangani, waliobeba mawe yake walikuwa wanajenga mtaa wao ng'ambo ya maji.

Tena, mpaka kati ya pande hizi haukuwa mkali tangu mwanzo kama tunavyoudhania. Wanahistoria wa mji huu wameonyesha kwamba katika karne ya 19 vibanda vya makuti vilikuwa vimechanganyika na majumba ya mawe ndani ya rasi yenyewe, na kwamba watu wenye uwezo nao walikuwa na nyumba na viwanja upande wa pili. Aliyekuja kuusisitiza mstari ni utawala wa Waingereza, ulioanza rasmi 1890 Zanzibar ilipofanywa nchi lindwa. Watawala wale walipenda kila kabila liwe na mahali pake kwenye ramani. Mpango wa mji uliotayarishwa na H. V. Lanchester mwaka 1923, na kanuni za ujenzi za enzi hiyo, ziliuchukulia upande wa mawe kuwa ndio mji wenyewe, na Ng'ambo kuwa makazi ya wenyeji, yenye masharti yake na huduma zake pungufu. Hori likajazwa vifusi kwa awamu mpaka likawa nchi kavu, lakini mahali pake palibaki barabara pana na viwanja vya wazi vilivyoendeleza utengano uleule. Maji yalikauka, mstari ukabaki. Leo tunapochora ramani ya utalii inayokomea barabarani pale, mstari tunaoufuata ni ule uliokolezwa na ofisi za kikoloni kwa sababu zake, nasi tumeurithi bila kuuliza sababu hizo zilikuwa zipi.

Swali la pili ni la uzito wa historia yenyewe, nje ya hesabu ya umri. Je, Ng'ambo kulitokea nini kinachostahili kukumbukwa? Jibu ni kwamba huwezi kusimulia karne ya 20 ya Zanzibar bila kuvuka barabara. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, na wengi wa walioachwa huru, pamoja na watoto wao, hawakubaki mashambani. Walihamia mjini, na mji uliowapokea ulikuwa Ng'ambo. Huko ndiko walikojitengenezea maisha mapya: mavazi ambayo mtumwa hakuruhusiwa kuyavaa, ngoma, timu za mpira, na nyumba ambayo mtu aliweza kuiita yake. Lakini iliitwa yake kwa nusu tu, kwa kuwa ardhi iliyokuwa chini yake mara nyingi ilikuwa ya mwingine, ama tajiri ama wakfu. Mji ulipopanuka na ardhi ikapanda thamani, wenye viwanja wakaanza kudai kodi ya ardhi na kuizidisha. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Ule ulikuwa mgomo wa watu wa kawaida, waliotetea haki ya kukaa mjini miongo mitatu kabla ya vyama vya siasa kuanza kugombania kura zao. Mji wenye mitaa iliyozaa jambo kama hilo una haki ya kuiita mitaa hiyo ya kihistoria.

Mwaka huohuo wa 1928 sauti ya mwimbaji Siti binti Saad ilirekodiwa Bombay kwenye sahani za santuri. Siti alizaliwa Fumba, akaja mjini, akakaa Ng'ambo, na nyumba yake ikawa mahali pa watu kukutana usiku, kuimba na kusikiliza habari za siku. Nyimbo zake zilisema juu ya mahakama, wizi, dhuluma kwa wanawake na watu wenye vyeo waliojiona hawaguswi. Taarabu iliyokuwa burudani ya kasri ikashuka kwa watu na kuimbwa kwa Kiswahili cha mitaani, kisha mwimbaji huyohuyo akaitwa kuimba mbele ya wakubwa. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha ya Siti yanastahili kitabu kizima. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alitoka katika mkondo huohuo na aliishi Ng'ambo mpaka uzeeni. Mtalii anayesikiliza taarabu hotelini Shangani anasikiliza kitu kilichopata ulimi wake upande wa pili wa barabara, lakini hakuna anayemwambia.

Upande wa siasa ushahidi ni mwingi zaidi. Mgomo mkuu wa 1948 ulianzia kwa wafanyakazi wa bandarini, watu waliofanya kazi Malindi na kulala Ng'ambo. Harakati za chama cha Afro-Shirazi zilikulia katika mitaa hii. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 miongoni mwa vituo vilivyovamiwa mwanzo ni bohari ya silaha ya polisi Ziwani, na tangazo la kuanguka kwa serikali ya Sultani lilitoka katika redio iliyokuwa Raha Leo. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi akiwa Kisiwandui, makao makuu ya chama hicho, na huko ndiko alikozikwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya Mapinduzi na yaliyofuata, na Wazanzibari wana maoni mengi. Lisilobishaniwa ni kwamba matukio yaliyoigeuza nchi hii yalitokea, kwa sehemu kubwa, mahali ambapo ramani ya urithi haifiki.

Halafu kuna Michenzani, ambayo wengi huitaja kuwa ndio usasa wenyewe, yaani kinyume cha Mji Mkongwe. Baada ya 1964 Ujerumani Mashariki ilileta wataalamu, ikajenga nyumba za ghorofa Kilimani, na 1968 ikachorwa ramani mpya ya mji. Karume alitaka kila mtu wa Ng'ambo atoke kwenye nyumba ya udongo aingie kwenye fleti yenye umeme, maji ya bomba na choo cha ndani. Barabara mbili pana zikapasuliwa katikati ya mitaa, zikakutana kwenye mzunguko mmoja, na kando yake yakasimamishwa majumba ya zege yaliyonyooka kwa mamia ya mita, kwa nguvu za watu waliopangiwa zamu za kujitolea. Nyumba nyingi zilibomolewa, na fleti zilizokamilika zilikuwa chache kuliko zilizoahidiwa. Mradi ulipungua kasi baada ya kifo cha Karume. Lakini majumba yale sasa yana takriban nusu karne. Yanaonyesha kwa zege ahadi, ukali na mipaka ya serikali ya kwanza ya Mapinduzi waziwazi kama Beit al-Ajaib inavyoonyesha fahari ya Barghash. Watoto waliozaliwa humo ni watu wazima leo. Kwa kipimo chochote cha haki, Michenzani nayo imeingia katika historia, na kuiita "mpya" ni kukataa kuhesabu miaka.

Nakuja sasa kwenye hoja ambayo nadhani ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu haihusu heshima ya Ng'ambo bali usalama wa Mji Mkongwe. Nyumba ya mawe ya Unguja ni kitu dhaifu kuliko inavyoonekana. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha mtu kukaa dirishani. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, usiozidi sana mita tatu. Nyumba ya namna hii huishi mradi paa lisivuje na chokaa ipumue. Maji yakipenya juu, yanaingia ndani ya ukuta, chokaa inalegea, vichwa vya boriti vinaoza palepale vinapoingia ukutani, na sakafu nzima hukatika siku moja bila kutoa taarifa. Mtu akija na saruji akaupaka ukuta ili "kuuimarisha", unyevu hukosa pa kutokea na hali huzidi. Dawa yake ni usimamizi wa kila mwaka unaofanywa na mtu anayeishi humo: kuziba paa kabla ya masika, kuzibua mifereji, kupaka chokaa, kumwita fundi mapema. Mkesha wa msiba si wakati wa kutafuta fundi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote Zanzibar, lenye macho ya dunia nzima juu yake.

Je, nyumba zisizo mashuhuri zitatunzwa na nani? Baada ya 1964 majumba mengi ya mawe yalitaifishwa, yakagawiwa familia zisizo na uwezo wa kuyatengeneza, kwa kodi ndogo ambayo haikutosha hata kununua chokaa. Mengi yakaanguka. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe ilianzishwa 1985 kuzuia hali hiyo, na 2000 mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wakati huohuo utalii ulifunguliwa, na balaa likageuka sura: nyumba zikapata fedha, wakaazi wakaondoka. Jumba lililokuwa na familia tano linakuwa hoteli, sehemu ya chini iliyokuwa duka la unga inakuwa duka la vinyago, kodi zinapanda na wapangaji wanahamia Ng'ambo au mbali zaidi, Mwera, Fuoni, Kisauni. Maana yake ni kwamba kila asubuhi mji ulioitwa hai huingizwa uhai kutoka nje. Muuza samaki wa Darajani, mpishi wa hoteli, mwalimu wa madrasa, fundi wa chokaa na seremala wa milango huvuka barabara kwenda kazini na kurudi jioni. Mji Mkongwe ukitenganishwa na Ng'ambo hubaki ganda la majumba. UNESCO haikuusajili kwa sababu ya ganda hilo. Iliusajili kwa kuwa ni mji ambamo tamaduni za Afrika, Uarabuni, India na Ulaya zilikutana na kuzaa kitu kimoja, na kukutana huko kuliendelea zaidi Ng'ambo, ambako Mngazija, Mmanyema, Mpemba, Mhadhrami na Mnyamwezi waliishi ukuta kwa ukuta.

Wapo watakaosema kwamba Ng'ambo hakuna cha kuhifadhi kwa macho, kwa kuwa nyumba ni za kawaida. Waitazame tena nyumba ya kawaida hiyo. Mbele kuna baraza, ambalo ni la mwenye nyumba na la mpita njia pia: jioni bao linachezwa, kahawa inapita, mgonjwa anaulizwa hali. Mlango unafungua ukumbi unaonyooka mpaka nyuma, vyumba viko kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna ua, wenye jiko, kisima na choo, ambapo shughuli za wanawake hufanyika bila kuangaliwa na barabara. Vichochoro vya nyuma huunganisha ua na ua. Ni mpango uliobuniwa kwa hali ya joto, kwa faragha ya Kiislamu na kwa mji ambamo jirani ni sehemu ya maisha ya mtu, na unaruhusu chumba kimoja kukodishwa kwa mgeni aliyetoka bara bila familia kuvunjika. Mpango huu ndio uliotapakaa Kariakoo ya Dar es Salaam, Majengo ya Mombasa na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ukitafuta nyumba iliyofanya watu wa mwambao na bara wawe watu wa mjini, ni hii. Makuti yamekuwa mabati na udongo umekuwa tofali za saruji, lakini mpango wa nyumba umebaki uleule, na huo ndio urithi.

Pingamizi la kwanza ni la fedha. Inasemwa kwamba serikali haijaweza kuokoa majengo yote ya mawe yaliyo hatarini, sasa iongezewe mitaa mingine mikubwa zaidi? Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kuhifadhi kungekuwa na maana moja tu, yaani kurudisha kila ukuta ulivyokuwa. Kwa Ng'ambo hakuna anayehitaji hilo. Mwaka 2011 UNESCO yenyewe ilipitisha pendekezo linaloitaka miji ya kihistoria itazamwe kwa upana, pamoja na mitaa, matumizi, kazi na mazoea ya wakaazi wake, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolijaribu mapema kupitia mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, uliowashirikisha wapangamiji wa serikali na wakaazi kuorodhesha mahali wanapopathamini: miembe ya baraza, misikiti, viwanja vya mpira, majumba ya sinema, maskani. Kuhifadhi kwa namna hiyo ni kuweka masharti mepesi: upana wa kichochoro usimezwe, baraza lisibomolewe kwa ajili ya geti, urefu wa jengo jipya uendane na mtaa, mti wa mkutano usikatwe. Masharti hayo hayahitaji bilioni za wafadhili. Yanahitaji sheha na ofisi ya mipango miji wenye nguvu ya kusema hapana na kusikilizwa.

Pingamizi la pili ni la haki, na linastahili jibu la adabu. Wakaazi wengi wa Ng'ambo wanataka nyumba bora. Mitaa mingine hufurika kila masika, vyoo vya shimo viko karibu na visima, gari la zimamoto haliwezi kupita. Mtu anayehubiri urithi wakati jirani yake anaokota vyombo vinavyoelea ndani ya nyumba anastahili kukemewa. Nakubali. Lakini tuangalie majibu yaliyokwisha jaribiwa. Jibu la Michenzani lilikuwa kubomoa na kupanga watu juu, na liliwapa wengi umeme na maji ambavyo hawakuwa navyo. Liliwanyima pia baraza, ua na vyumba vya kupangisha, na likawatawanya majirani. Ukarabati unaofuata mtaa ulivyo, yaani kuchimba mifereji ya maji ya mvua, kuleta maji taka kwenye mtandao, kuwapa wakaazi hati za ardhi na kuwakopesha wajenge upya palepale, humwondolea mtu mafuriko bila kumwondolea majirani. Urithi na makazi bora havipingani ila pale mpango wa makazi unapoanza na tingatinga. Suala la hati, hasa, lina umri wa karibu miaka mia moja. Waliogoma 1928 walikuwa wanalizungumzia hilihili.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watu wanaoipenda Ng'ambo. Wanahofu kwamba watalii wakianza kupelekwa huko, yatafuata yaliyoupata Mji Mkongwe: kodi kupanda, nyumba kununuliwa na matajiri, wenyeji kugeuka maonyesho kwenye baraza zao wenyewe. Hofu hii ni ya kweli na inatokana na yaliyoonekana. Ila kutokuitambua Ng'ambo hakujaikinga. Mitaa hiyo iko kwenye ardhi ya katikati ya mji mkuu wa kisiwa chenye watu wanaoongezeka kwa kasi. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima karibu watu milioni 1.9, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Wawekezaji hawangoji tangazo la UNESCO ili waione thamani ya kiwanja kilicho dakika tano kutoka Darajani. Mtaa usio na hadhi yoyote kisheria ndio rahisi kuuzwa, kwa kuwa anayeununua hana sharti la kutimiza wala wa kumjibu. Kutambua kuna hatari yake, lakini huja pamoja na chombo cha kudhibiti. Funzo la Mji Mkongwe ni kwamba hadhi ilitolewa kwa majengo bila kuwekewa ulinzi wa wapangaji. Ng'ambo inaweza kuanza na wapangaji.

Pingamizi la nne halisemwi kwa sauti kubwa, lakini lipo. Kwa baadhi ya familia, Mji Mkongwe ni kumbukumbu ya walichonyang'anywa 1964, na Ng'ambo ni kumbukumbu ya walionyang'anya. Kwa familia nyingine ni kinyume chake: majumba ya mawe yanawakumbusha utumwa na ubwana, na Ng'ambo inawakumbusha ukombozi. Kuzileta pande hizi kwenye simulizi moja, wanasema, ni kuamsha yaliyolala. Nadhani ni kinyume. Yaliyolala hayajalala kweli. Kila uchaguzi huyaamsha. Mji unaosimuliwa nusu huwaachia watu nafasi ya kuijaza nusu nyingine kwa chuki. Ukisimuliwa mzima, inaonekana jinsi pande zilivyotegemeana, pamoja na dhuluma zilizokuwamo ndani ya kutegemeana huko: waliojenga ukuta na waliolala ndani yake, waliouza karafuu na waliozichuma, waliodai kodi na waliogoma kuilipa. Simulizi hiyo haimfurahishi kila mtu, na haipaswi. Lakini inampa kila Mzanzibari mahali ndani ya mji wake, jambo ambalo ramani ya sasa haimpi.

Basi kifanyike nini? Kwanza, Serikali ya Mapinduzi iweke Mji Mkongwe na Ng'ambo chini ya mpango mmoja wa uhifadhi, wenye masharti tofauti kwa majengo tofauti lakini ofisi moja inayowajibika, ili kibali cha ghorofa Mlandege kisitolewe na mtu asiyejua kinachofanyika Mkunazini. Pili, sehemu ya tozo zinazolipwa na wageni mjini itengwe kisheria kwa mifereji, taa na vyoo vya Ng'ambo, kwa kuwa wanaouhudumia utalii huo wanaishi huko. Tatu, mafunzo ya waongoza watalii yajumuishe mgomo wa 1928, nyumba ya Siti, Raha Leo, Kisiwandui na Michenzani, na mitaala ya shule za msingi ifanye hivyohivyo, maana mtoto wa Mwembetanga anayefundishwa kwamba historia iko Shangani tu anafundishwa kwamba kwao hakuna kitu. Nne, nyumba za Mji Mkongwe zilizo mikononi mwa serikali zipangishwe kwanza kwa familia na mafundi kwa mikataba mirefu yenye sharti la matunzo, kabla ya kufikiriwa hoteli. Tano, majumba ya Michenzani yakarabatiwe paa na mabomba yake sasa, yakiwa bado yana wakaazi wanaoyapenda, tusingoje yafikie hali iliyoifikisha Beit al-Ajaib ilipofika.

Hakuna hata moja kati ya hayo matano linalohitaji Zanzibar ichague kati ya ukale na usasa. Uchaguzi huo ni wa uongo, kwa kuwa nyumba za mawe za Barghash zilikuwa za kisasa siku zake, na fleti za Karume zitakuwa za kale wajukuu wetu wakizirithi. Kinachochaguliwa ni kama mji mkuu huu utaendelea kuwa wa watu walioujenga, au utagawanywa, nusu ikiuzwa kwa wageni kwa jina la historia na nusu ikibomolewa kwa jina la maendeleo. Zikifika kura za bajeti na vibali vya ujenzi, hapo ndipo jibu litaonekana, na wakaazi wa pande zote mbili za barabara wana haki ya kuliulizia kwa sauti moja.